Nilimpiga mwanangu kibao ndani ya mall Dubai, sasa baba yake anataka niende peke yangu

Shikamoo shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nipo Arusha huku Njiro, nina miaka 31, naomba jina langu lisitoke maana mawifi zangu wote wanakusoma na mmoja huwa ananitumia kabisa kwenye simu.

Nimeolewa Machame. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka mitano, wa kike mwaka na miezi saba na bado ananyonya. Baba yao yuko Dubai mwaka wa tatu huu, anafanya kazi stoo kwenye kampuni ya mizigo, wanalala wanaume sita chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake na kipazia chake. Hela anatuma na hajawahi kukosa hata mwezi mmoja, hilo naliweka mapema nisije nikaonekana nimekuja kumsema.

Mwezi wa saba akatuita tukamtembelee. Alikodi chumba Deira kwa wiki mbili, akalipa tiketi na viza za matembezi, tukapandia KIA tukaunganisha Addis. Shangazi kabla ya hapo safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Dar kwenye msiba. Kufika kule joto sijapata kuliona, huwezi kutembea nje na mtoto hata dakika kumi, ukishika chuma cha mlango mchana unakiachia mwenyewe, kwahiyo watu wote na watoto wao wamejazana kwenye mall. Na sisi ikawa ndo hivyo hivyo, asubuhi chai, mchana mall, jioni mall.

Vituko vikaanza siku ya kwanza. Mdogo nilimbeba mgongoni na khanga kama kawaida, wakaja wadada wawili wakaomba kwa ishara kupiga picha, nikacheka nikawakubalia, mume wangu akaniambia shusha mtoto. Baadae akalia nikakaa kwenye benchi nikamnyonyesha kama ninavyomnyonyesha kwenye hiace za Njiro, akaja mama mmoja mtu mzima kavaa abaya, akanishika bega taratibu akanionyesha mlango una picha ya mama na mtoto, hakusema kitu. Kule ndani kuna viti, sinki, meza ya kubadilishia pampasi, yani pazuri kuliko sebule yangu. Kutoka nje mume wangu ananiambia umeona sasa, watu wanakuangalia. Kesho yake narekodi video ya kuweka status kumbe nyuma yangu kuna familia inakula, mlinzi akaja akaniomba nifute. Jioni kwenye treni yao mkubwa akatoa andazi kwenye kibegi chake, baba yake akampokonya kama vile kashika kisu, kumbe mle ukila faini dirham 100. Mimi nilijuaje? Na kila likitokea la kwake ni moja tu, unaniaibisha.

Sasa siku ya tano. Huyu chalii wangu ana ugonjwa wa treni. Kabla baba yake hajaondoka alikuwa anamweka begani wanaenda stesheni hapa Arusha kuangalia treni ikiingia, hata kuongea vizuri alikuwa bado ila "tuuu" anajua. Kwenye ile mall kuna katreni ka watoto, kana kengele, kanapita katikati ya watu. Mimi nipo kwenye kaunta ya viatu nalipia, mdogo analia mgongoni, mume wangu yuko mlangoni anaongea na simu na bosi wake. Mimi najua mtoto yuko na baba yake. Baba yake anajua mtoto yuko na mimi. Nageuka, hayupo.

Shangazi hicho kipindi siwezi kukielezea. Nikaanza kukimbia namwita kwa jina lake, watu wananipisha tu. Pale Kilombero ukipiga kelele moja tu "mtoto!" soko zima linasimama, kule hakuna hata aliyeacha kula. Mume wangu ananifuata nyuma ananiambia usipige kelele, usipige kelele. Dakika ishirini. Alikuja kuonekana ghorofa ya chini kabisa kwenye ngazi za umeme, amekaa chini, yeboyebo moja mguuni nyingine mkononi, analia "nataka kwetu", na aliyemwona ni mlinzi Mkenya aliyesikia Kiswahili. Nilivyofika sikumkumbatia. Nilimpiga kibao cha shavu na kilisikika. Yule Mkenya akaniambia polepole, "Mama, hapa usimpige. Hapa kuna kamera." Akaja mkubwa wao, akauliza uliza kwa Kiingereza, akaandika jina la mume wangu kutoka kwenye kitambulisho chake cha ukaazi, akatuambia nendeni. Basi.

Usiku mume wangu akasema, mimi nimekaa hapa miaka miwili na zaidi sijawahi kuandikwa jina popote, wewe siku tano tu. Siku zilizobaki tulikaa chumbani na AC tunaangalia katuni.

Sasa inakuja Desemba. Amepata likizo ya siku kumi, anataka kunitumia tiketi niende mimi PEKE YANGU, watoto wapelekwe Machame kwa bibi yao. Mama mkwe kafurahi sana maana Desemba ukoo wote uko nyumbani na yeye wajukuu huwa anawahesabu. Mama yangu mzazi anasema mtoto wa kunyonya haachwi. Mimi nikamwambia mume wangu siendi bila watoto, akanijibu basi bakini wote. Wiki ya tatu hii akipiga simu anaongea na watoto, mimi nashika simu tu isianguke.

Kilichonifanya nikuandikie ni juzi. Nipo Kilombero na mkubwa, siku hizi haachii khanga yangu hata dakika, akaniuliza, "Mama, tukienda kwa baba nikipotea tena utanipiga au utafurahi?" Sikuwa na jibu. Nikamnunulia muwa.

Nifanyeje shangazi, niende peke yangu, nikatae, au nilazimishe twende wote? Na mimi ni mama mbaya? Nimekulia kwa fimbo na niko sawa.

Mama Wawili, Njiro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole na safari ambayo bado hujarudi.

Barua yako nimeisoma jana usiku nikaiweka, nikairudia asubuhi na chai. Nikuambie nilichosikia ili kama nimesikia vibaya unisahihishe. Nimesikia mama aliyepelekwa mahali pakubwa pa kigeni na watoto wawili, hakuelezwa utaratibu, akawa anaujua kwa kuukosea, na kila akikosea anaambiwa ameaibisha. Halafu akampoteza mtoto dakika ishirini, akampata, hofu yote ikatokea mkononi. Na sasa kuna mume ambaye suluhisho lake ni kuwaondoa watoto kwenye hesabu, na wewe ambaye jibu lako ni kutokwenda kabisa, na katikati kuna chalii ameuliza swali zuri kuliko yote ambayo wewe, mimi na baba yake tungeweza kuuliza.

Tuanze na vile unavyoviita vituko, maana vyenyewe ni vidogo ila naona vilikuchosha kabla siku ya tano haijafika. Yule mama wa abaya kwa mfano. Wewe mwenyewe umeandika alikushika bega taratibu. Mall za kule zina chumba cha mama na mtoto kama zinavyokuwa na chumba cha kuswalia, ni vitu vya kawaida kabisa, na mtu kukuonyesha mlango ni sawa na wewe kumwambia mgeni wako "mwanangu choo kiko huku". Aliyekuambia kwamba ulikuwa unaangaliwa ni mume wako, siyo yeye. Wale wadada wa picha pia, wameona mtoto kakaa mgongoni kwa kitambaa kimoja hana mkanda wala kifungo, wakashangaa, na WAKAOMBA, hiyo ni adabu ya kule. Maana ukipiga picha ya mtu bila ridhaa yake pale ni kosa la sheria, iko kwenye sheria yao ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 na faini yake inaanzia dirham 150,000, sasa mlinzi aliyekuja kukuomba ufute video alikuaibisha au alikuokoa? Mimi nimeenda Dubai mara mbili kufuata mzigo enzi zile nina duka la nguo Moshi mjini, na mara ya kwanza dada mmoja alinifunika mabega yangu kwa mtandio wake mwenyewe, nikamchukia siku nzima. Jioni nikaona kibao mlangoni kimechorwa, mabega na magoti vifunikwe. Nilikuwa nimepita chini yake asubuhi.

Ila mambo haya mgeni huambiwa kabla. Nani alitakiwa kukuambia? Sisemi hivi ili umkamate nalo mume wako kwenye simu, nasema ili uone kwamba "mimi nilijuaje" uliyoandika ni swali la halali na halijajibiwa mpaka leo.

Na yeye nimwekee neno kidogo maana hayupo hapa kujitetea. Unasema anaona aibu. Mimi najiuliza kama ni aibu kweli au ni woga umevaa koti la aibu. Mtu wa kazi kama yake kule, ukaazi wake umefungwa na mwajiri, kazi ikiisha na kibali kinaanza kuhesabu siku. Halafu anamwona mtu wa sare anaandika jina lake. Wewe uliona karatasi, yeye aliona ada ya shule na mahindi ya mama yake. Hilo halimpi haki ya kukununia wiki tatu, lakini ukiongea na mtu mwenye woga kama unaongea na mtu mwenye dharau hamtaelewana hata mkikaa meza moja. Umeshamuuliza lile jina lilifikia wapi? Julai mpaka leo ni miezi, kama hajaitwa popote inawezekana ni taarifa ya kawaida ya mtoto aliyepotea na kuonekana. Akitaka uhakika, Tanzania tuna ubalozi mdogo pale pale Dubai, na polisi wa kule kwa mambo yasiyo ya dharura wanapigiwa 901.

Sasa nije kwenye kupotea kwenyewe, hapa nitakaa kidogo.

Umeandika jambo kubwa bila kujua umeliandika. Umesema Kilombero ukipiga kelele soko zima linasimama. Mwanangu, mtoto wako hajawahi kulelewa na macho mawili. Njiro hapo akitoka getini anaonwa na fundi viatu, na mama wa mboga, na bodaboda wa kijiweni ambao wanajua ni wa nani na anakatazwa kuvuka wapi. Mkono wake hukuwa na haja ya kuushika kila saa kwa sababu mtaa ulikuwa umeushika. Mkaingia mahali ambapo macho ni mengi kuliko ya Njiro nzima ila hakuna hata jicho moja linalomjua yeye ni nani, na wewe na baba yake kila mmoja akaendelea kuamini kuna mwingine anaangalia, kama tunavyoamini wote huku. Ndiyo maana sioni uzembe wako wala wake pale kaunta. Naona watu wawili wamebeba mazoea ya nyumbani hadi ghorofa ambalo mazoea hayo hayafanyi kazi.

Mimi wangu wa pili alinipotea soko la Memorial hapa Moshi, ana miaka minne. Nilikuwa nimeinama nachambua mashati. Nilimkuta kwa mama mmoja wa mitumba, kakaa juu ya belo anakula karanga za kuchemsha kama mjumbe wa nyumba kumi. Nikamshukuru yule mama kwa mikono miwili, halafu nikamgeukia mtoto nikamtia makofi, na pale pembeni wakapiga kelele "mchape huyo, amezidi!" Hakuna aliyeniandika jina. Nilirudi nyumbani najiona mama imara. Mwaka juzi huyo kijana, mtu mzima ana ndevu, tukawa tunakumbushana, nikamuuliza unakumbuka Memorial? Akasema nakumbuka karanga, na nakumbuka nilivyokuona unakuja nilifurahi, basi. Hakumalizia. Hakuhitaji.

Kwahiyo mimi siyo wa kukuhukumu kwa kile kibao. Najua kilitoka wapi, kilitoka kwenye dakika ishirini. Ila nataka tukae na maneno ya yule Mkenya, maana nadhani yamekukaa moyoni zaidi ya ya mume wako. Alikuambia hapa usimpige, hapa kuna kamera. Alikuwa anakulinda ndugu yake wa Kiswahili, Mungu ambariki. Kule wana sheria ya haki za mtoto ya mwaka 2016, wengi wanaiita ya Wadeema, ni jina la mtoto wa kike aliyefariki kwa mateso ya baba yake mzazi, kwahiyo mtoto akipigwa hadharani walinzi hawafumbi macho. Na usidhani ni mambo ya Waarabu peke yao, Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema adhabu isipite kiasi, isipokuwa sisi kiasi tunakipima wenyewe. Swali langu dogo ni hili, na usinijibu mimi, ukitoa kamera inabaki nini? Kibao kilikuwa na kosa kwa sababu kiliandikwa, au?

Unasema umekulia kwa fimbo na uko sawa. Hata mimi. Lakini ona mwenzio anavyokuuliza, utanipiga au utafurahi. Yeye hajui kwamba siku ile ulifurahi. Hilo ndilo alilokosa kulijua, na wewe unalo, na halihitaji tiketi. Unaweza kumwambia hata leo wakati unamwogesha, kwa lugha yake, "siku ile ulipopotea mama aliogopa sana, akakupiga kwa sababu ya kuogopa, haikuwa vizuri, na mama alifurahi sana kukuona." Usiongeze mahubiri. Pengine atakuuliza kitu kingine kabisa kuhusu treni, watoto ndivyo walivyo, wewe jibu la treni.

Na hiyo treni pia. Umeandika harakaharaka kwamba alikuwa anapelekwa stesheni begani kwa baba yake. Alikuwa na miaka miwili na kidogo baba alipoondoka. Siwezi kuingia kichwani kwa mtoto, ila mimi ningekuwa baba yake na nikaambiwa mwanangu alipotea kwa kukimbilia treni, ningekaa chini kwanza. Je, hilo mume wako analijua? Au anachojua ni kwamba mtoto alimponyoka mama yake dukani?

Haya, Desemba.

Ukienda peke yako kuna faida na tusijifanye haipo. Siku kumi za watu wawili bila pampasi, mnaweza kuongea yale ambayo kwenye simu hayapiti. Na Machame watoto hawatateseka, watakuwa na binamu zao na ndizi na maziwa, bibi anajua kulea. Gharama yake naiona sehemu mbili. Mdogo ananyonya, na hata Shirika la Afya Duniani linasema kunyonyesha kuendelee mpaka miaka miwili na kuendelea, ukimwachisha ghafla siku kumi unaweza ukakuta maziwa hayapo au yeye kakataa, na matiti yako huko ugenini yatakusumbua, hilo wanaume huwa hawalioni kwenye tiketi. Pili ni mkubwa. Nilipotea, nikapigwa, sasa mama anaenda kwa baba na mimi nimebaki. Mtu mzima anaweza kuona hayo ni mambo matatu tofauti. Mtoto wa miaka mitano anayaunga.

Ukibaki na watoto hutatumia hela, mama mkwe atafurahi, utakula mbuzi na wenzio. Ila utapanda Machame peke yako kila mtu anakuuliza baba watoto vipi, na ukimya wenu utafunga mwaka nao.

Kwenda wote ndiyo hela nyingi, na ndiyo inayomtisha yeye. Lakini Desemba siyo Julai. Mchana kule ni kama nyuzi 25, jioni unataka kitu cha mikono mirefu. Hamtalazimika kuishi mall. Mkiwa Deira hapo hapo kuna boti za abra zinazovusha watu kwenda Bur Dubai, dirham moja tu. Na ile treni ya mjini mliyopanda haina dereva, inajiendesha tangu 2009, yani mtoto mwenye ugonjwa wa treni alipanda treni isiyo na dereva na pengine alichotoka nacho ni andazi lililopokonywa. Wale chakula kabla, kibegi kibaki na maji ya kunywa mkishuka.

Na mall yenyewe mkienda, muingie mmekubaliana kwa sauti, siyo kwa kudhania. "Sasa hivi ni wako." "Haya ni wangu." Anayepokea simu anamkabidhi mwenzie mtoto kwanza, mkono kwa mkono. Mpigeni picha mlangoni kila mnapoingia ili ukiulizwa kavaa nini una kitu cha kuonyesha, namba ya baba yake iandike kwa kalamu kwenye mkono wake ndani. Mfundishe kusimama pale pale alipo akiacha kuwaona, na kumtafuta kwa macho mtu wa sare au mama mwenye watoto. Akipotea msikimbie wote, mmoja abaki palepale, mwingine akamwambie mlinzi wa kwanza anayemwona, hizo kamera zilizokutia hofu hapo ndipo zinapokufaa. Nendeni asubuhi maduka yanapofunguliwa, jioni za mwisho wa wiki ni msongamano. Saa mbili zinatosha, mtoto akianza kulia bila sababu mjue saa zimeisha. Na yeboyebo ziache Njiro, mpira wake laini unanaswa kwenye ngazi za umeme na unaweza kuvuta kidole, yule wako aliyekaa na moja mkononi mimi nimemshukuru Mungu kwamba ilikuwa mkononi.

Liko na la nne ambalo hujaliandika na nimelitafuta barua nzima. Siku kumi zinatosha kuja nyumbani. Tiketi moja ya kuja huku ni ndogo kuliko tatu za kwenda kule, hata kuliko moja yako na mahitaji ya watoto Machame. Kwanini hatajwi kuja? Labda bosi wake hamruhusu kutoka nje ya nchi, labda kuna kitu cha kibali. Au labda, na hapa nabahatisha kama mke wa Mchagga wa miaka 34, mwanaume wa huku akipanda nyumbani Desemba baada ya miaka karibu mitatu Dubai, migomba yenyewe inamwangalia amekuja na nini. Nani anachinja, nani ameanza kujenga, nani amekuja na gari. Na mtu analala chumba cha wanaume sita. Kama ni hilo, unaelewa kwanini kuandikwa jina kulimuuma vile? Muulize kwa upole, siyo mbele ya watoto na siyo siku ya mshahara. Usimwambie shangazi kasema. Mwambie unataka kujua kama angependa kuja, na kwamba mbuzi siyo lazima. Ila hilo la mbuzi uwe unamaanisha, maana mama mkwe atakuja kukuuliza wewe.

Mimi sitakuchagulia kati ya hayo. Ningependa tu simu inayofuata usiishike ili isianguke. Mwache aongee na watoto, halafu sema "na mimi nina neno", uanze na treni ya stesheni, kabla ya tiketi.

Uniandikie mwezi wa kwanza. Na kama itatokea mmeenda wote, mdogo mbebee sweta hata kama nje kuna jua, ndani ya yale maduka AC yao inapuliza kama Machame ya mwezi wa saba.

Shangazi, Moshi